Shuka, Uikokote: Baiskeli na Kivuko cha Waenda kwa Miguu



Liko swali linalotugawa kila tunapokaa kivulini wakati wa mapumziko, nalo ni hili: mfanyakazi aendaye kazini kwa baiskeli, akifika penye mistari myeupe ya kuvukia barabara, je, avuke akiwa amepanda, au ashuke na kuikokota? Wapo wanaocheka. Husema kwamba chama cha wafanyakazi sasa kimekosa kazi hata kinawafundisha watu wazima namna ya kuvuka barabara. Mimi sicheki. Mshahara, likizo na matibabu twavipigania ili mtu avitumie akiwa hai na viungo vyake vikiwa kamili, na wengi wetu hutoka nyumbani na kurudi kwa magurudumu mawili.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta: ashuke. Lakini msimamo huo una masharti, na sehemu kubwa ya masharti hayo yawaangukia waajiri na wenye barabara kuliko mpanda baiskeli.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Sisi wa ziwani tukisikia kivuko twafikiria pantoni, kama ile iliyokuwa ikivusha watu na magari pale Chembe kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2008. Hapa nasemea kivuko cha barabarani, ile mistari ambayo wengi huiita pundamilia. Na baiskeli ni hiyo hiyo ambayo wenzetu waliotoka Kilwa, Pweto na Kasenga huiita kinga.

Barabara ya lami itokayo Mansa hupita Mwense na Kazembe, ikaja mpaka kwetu Nchelenge na kupenya katikati ya Kashikishi. Kila mtu anaijua. Humo humo hupita malori ya samaki, mabasi ya masafa marefu, magari ya serikali na ya mashirika, watoto wa shule, akina mama wenye mabeseni kichwani, wagonjwa na wauguzi waendao hospitali ya misheni ya St Paul's, na baiskeli. Baiskeli hizo hubeba magunia ya chisense, makaa, mihogo, mabati, hata kitanda. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ziwani Mweru, mizigo ya samaki hupungua na ya makaa na mihogo huongezeka, lakini baiskeli hazipungui. Kuna watu ambao hawajawahi kumiliki chombo kingine cha moto wala cha baridi maishani mwao, na wamesomesha watoto kwa baiskeli hiyo hiyo.

Sasa tuutazame mstari wenyewe. Mistari hii ya pundamilia ilianza kujaribiwa Uingereza mwaka 1949 na kuingizwa katika sheria huko mwaka 1951, kisha ikasambaa katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, na nyingine nyingi. Tangu mwanzo ilikuwa ni makubaliano kati ya watu wawili wasiojuana: mwenye gari na mwenye miguu. Mwenye miguu husema, nitavuka hapa, wala si popote nipendapo. Mwenye gari hujibu, hapa nitakusubiri. Makubaliano hayo yamejengwa juu ya mwendo wa binadamu anayetembea. Dereva humwona mtu kando ya barabara, hukadiria, huondoa mguu kwenye mafuta. Ukiubadilisha mwendo ule ghafla, makubaliano yameyeyuka, japo mistari ingali pale pale.

Wale wanaotetea kuvuka wakiwa wamepanda wana hoja ambayo ina nguvu, na si haki kuipuuza. Husema hivi: barabara yenye upana wa mita 7, mtembeaji huivuka kwa sekunde 5 au zaidi, na mpanda baiskeli huivuka kwa sekunde 2. Basi yupi amekaa hatarini muda mrefu zaidi? Kwa hesabu hiyo, anayeshuka anajiongezea hatari yeye mwenyewe. Nimewasikia mafundi wenye akili timamu wakisema hivyo, na hesabu yao ya sekunde ni sahihi.

Tatizo ni kwamba wameanza kuhesabu mahali pasipofaa. Wameanza kwenye ukingo wa lami. Ajali huanza kabla ya hapo, nyuma ya kibanda cha mwuza muda wa simu, au nyuma ya basi lililoegeshwa. Tuhesabu upya. Mtu yuko mita 8 kutoka kwenye lami. Akitembea mwendo wa kawaida atatumia karibu sekunde 6 kufika ukingoni. Akija na baiskeli kwa kilomita 15 kwa saa, mwendo usio wa mbio hata kidogo, atatumia sekunde 2. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hula mita 17 hivi kila sekunde. Kwa hiyo mtembeaji anapochomoza nyuma ya kibanda, gari litakalokutana naye ukingoni lingali umbali wa mita 100. Dereva ana nafasi ya kuona, kupiga honi, kupunguza mwendo na kusimama. Mpanda baiskeli anapochomoza pale pale, gari litakalokutana naye liko mita 33 tu.

Na gari hilo lahitaji mita ngapi kusimama? Dereva mzima, asiyesinzia wala kulewa, hutumia kama sekunde moja tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki. Hizo ni mita 17 zimekwenda bure. Kisha kwenye lami kavu na breki nzuri huhitaji mita 20 nyingine. Jumla ni 37. Sasa toa 33 kutoka 37, ndugu yangu, uone kilichobaki ni nini na kitamgusa nani. Na hilo ni gari dogo lenye breki njema. Lori lililosheheni, lami iliyolowa, matairi yaliyokwisha meno, hayo yote huongeza mita.

Ndiyo maana nasema kasi ya baiskeli haimwokoi mtu pale. Humtokeza mbele ya dereva wakati ambapo dereva hana tena la kufanya. Kushuka hukulazimisha kusimama, na kule kusimama kabla ya lami ndiko dawa yenyewe. Mtu aliyesimama na kushika usukani wa baiskeli kando ya barabara huonekana, husomeka. Dereva anajua huyu anataka kuvuka. Kisha yeye naye apata nafasi ya kugeuza shingo.

Juu ya kugeuza shingo nina neno kwa wasomaji wa ukurasa huu hasa. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili huku Luapula tulitoka ng'ambo ya ziwa, au wazee wetu walitoka huko. Wapo waliovuka zamani kwa biashara ya samaki, wapo waliooa na kuolewa huku, na wapo ndugu waliofika kwa ajili ya vita na kupokewa katika makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Kongo magari hupita upande wa kulia. Zambia hupita upande wa kushoto. Maana yake, kwa anayevuka, ni hii: Kongo gari la kwanza kukufikia hutoka kushoto kwako, hapa kwetu hutoka kulia. Mtu aliyekulia Pweto akifika ukingo wa barabara, shingo yake hugeuka kushoto yenyewe bila kuulizwa, kama vile mkono unavyojua njia ya kinywa gizani. Akiwa kwa miguu, hukosea, hushtuka, hurudi nyuma hatua moja, maisha yanaendelea. Akiwa juu ya baiskeli iendayo, kosa lile halina hatua ya kurudi. Ndugu zetu waliotoka Kigoma na Sumbawanga hawana shida hii, kwa sababu Tanzania hupita kushoto kama hapa. Basi wasiwacheke wenzao, wawakumbushe: kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena.

Tusidhani pia kwamba jambo hili limebuniwa kuwanyanyasa maskini wa Afrika. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza humwambia mpanda baiskeli wazi kwamba asivuke pundamilia akiwa amepanda, ashuke aisukume. Ujerumani, nchi yenye baiskeli nyingi sana, sheria yao humpa haki ya kupishwa kwenye mistari yule anayetembea, na anayekokota baiskeli huhesabiwa kuwa anatembea. Akiipanda, haki ile humtoka. Uholanzi wametatua kwa fedha: baiskeli ina njia yake na mahali pake pa kuvukia, tofauti na pa watembeao, kwa hiyo swali letu kwao halina uzito. Siku Nchelenge itakapokuwa na njia za namna hiyo nitaandika makala nyingine.

Jambo la pili ni wale tunaovuka nao. Mistari ile haikuwekwa kwa ajili yangu na baiskeli yangu. Imewekwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili aliyeshika mkono wa dada yake, na bibi ambaye hasikii kengele. Baiskeli yenye gunia la kilo 50 kwenye keria ikipita katikati yao ni gari dogo. Twalalamika, na twalalamika kwa haki, kwamba wenye magari hawatuhesabu kuwa watu. Je, yule bibi atatuhesabuje sisi tunapompitia karibu na kiwiko?

Na yule mwenye lori ni nani? Hapa ndipo wanachama wengine hukasirika nami. Katika masimulizi yetu ya kivulini dereva huwa ni adui, tajiri, mtu wa upande ule. Lakini dereva wa lori la kampuni ni mfanyakazi. Hulipwa kwa mwezi kama sisi, hukatwa kama sisi, hupangiwa safari ndefu na mtu aliyekaa ofisini, na pengine ni mwanachama katika tawi la jirani. Akimgonga mtu, yeye ndiye atakayelala mahabusu. Aliyempangia safari mbili kwa siku moja atalala kwake. Kila mara ninaposoma habari ya ajali huwaza familia mbili, na mara nyingi zote mbili ni za wafanyakazi. Kwa hiyo tunapojiwekea kanuni ya kushuka, twamlinda na huyo. Na yeye twamdai kwa sauti ile ile: apunguze mwendo anapokaribia mistari, awe ameona mtu au hajaona. Kama ratiba aliyopewa haimruhusu kupunguza mwendo, aulete ushahidi huo kwenye tawi, maana hilo sasa ni shauri la kazi.

Nije kwenye fidia, kwa sababu najua kuna wasioshawishika na hesabu za mita lakini watashawishika na hesabu za kwacha. Kila gari barabarani nchini Zambia latakiwa na sheria kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine linaowaumiza. Mfanyakazi akigongwa, yeye au wajane na mayatima wake wana haki ya kudai. Lakini mahakama za nchi zinazofuata sheria ya asili ya Kiingereza, Zambia ikiwamo, hugawa lawama. Zikiona aliyeumia alichangia kwa uzembe wake mwenyewe, hupunguza fidia kwa kadiri ya mchango huo. Wakili wa upande wa pili hatakosa kuuliza swali letu lile lile la kivulini: marehemu alikuwa juu ya baiskeli au kando yake? Alisimama kwanza, au alitokeza ghafla? Jibu laweza kuwa tofauti kati ya mtoto kumaliza shule na kuiacha. Aliyekuwa akitembea juu ya mistari, mkono kwenye usukani, amewanyima maneno. Sioni kwa nini tuwauzie hoja hiyo kwa bei ya sekunde chache.

Sasa sekunde zenyewe. Kwa nini watu hawashuki? Wapo wavivu, wapo wenye majivuno ya ujana; hao wako kila kiwanda. Lakini wengi hawashuki kwa sababu ya lango. King'ora kikilia, lango lafungwa, na anayefika dakika moja baadaye hukatwa ya saa nzima, au huambiwa arudi nyumbani. Mashambani ni vivyo hivyo: mnyapara huita majina alfajiri, na asiyeitika amekosa siku. Ukimweka mtu katika hali hiyo, kisha ukamwekea barabara kati yake na mkate wake, usishangae akivuka kama mshale. Kushuka, kutazama, kukokota na kupanda tena havizidi nusu dakika. Ikiwa nusu dakika yaweza kumgharimu mtu ujira wa saa nzima, basi aliyeiweka nusu dakika hiyo kuwa ya thamani kiasi hicho ni mwajiri, na ni kwake tunapaswa kwenda. Nafasi ya dakika 5 langoni bila makato, hasa zamu ya alfajiri wakati bado ni giza, ni dai la usalama kazini sawa na kofia ngumu na glavu. Wajumbe wa majadiliano waliandike hivyo, chini ya kichwa cha usalama, wasilitie kwenye mambo madogo madogo mwishoni mwa orodha.

Kuna walioniuliza juu ya mzigo. Mtu mwenye magunia mawili ya makaa hawezi kushuka na kupanda kila mahali. Baiskeli ikilala, hainuki bila msaada. Kweli. Lakini kwa mzigo kama huo wengi wetu huikokota tangu mwanzo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia, na anayeipanda aweza kupanga mapema: punguza mwendo mbali, shuka kabla ya ukingo penye ardhi tambarare, simama upande ambao baiskeli haiegemei barabarani, omba mtu mmoja asukume keria. Hakuna aliyewahi kukataa kusukuma. Kinachonitia hofu zaidi ni mzigo mrefu kama mabati au mbao uliofungwa kwa mapana. Huo hata ukikokotwa huchukua barabara nzima, na mwenye nao asubiri mpaka pande zote mbili ziwe tupu kabisa, mistari iwepo au isiwepo.

Tena lipo kundi ambalo kanuni hii haiwahusu kabisa, nalo ni wenzetu wenye ulemavu waendao kwa baiskeli za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono. Kwao ile baiskeli ndiyo miguu. Kumwambia mtu huyo ashuke ni matusi. Huyo ni mwenda kwa miguu kwa kila maana ya haki, na dereva ampishe mpaka amalize, hata akichukua sekunde 15.

Na anayetaka kubaki juu ya baiskeli yake? Sijamfungia njia. Abaki barabarani kama chombo, upande wa kushoto, afuate kanuni za vyombo, asubiri nafasi na ageuke kwa ishara ya mkono kama wageukavyo wengine. Hiyo ni haki yake kamili. Asilofaa kufanya ni kuwa chombo mpaka dakika ya mwisho, halafu akaingia kwenye mistari kwa kasi ya chombo akidai heshima ya mwenda kwa miguu.

Ninaogopa jambo moja katika haya niliyoandika, kwamba mtu mwenye mamlaka atayasoma nusu. Atachukua lile la "ashuke" na kulifanya rungu la kuwatoza faini wabeba samaki, halafu aache mistari ifutike. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu vifo karibu milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Watu hao hawakufa kwa sababu walikosa kutozwa faini. Kanuni ya kushuka tujiwekee wenyewe, tukumbushane langoni na kwenye mikutano ya matawi, na vijana wanaoanza kazi waambiwe siku ya kwanza pamoja na habari za mashine. Polisi na halmashauri tuwadai yaliyo yao: matuta kabla ya kila kivuko, vibanda na mabasi yasogezwe yasizibe macho, na mistari inayoonekana.

Juu ya mistari, neno la mwisho ni la ratiba. Rangi ya barabarani haishiki kwenye lami iliyolowa, na mvua zetu huanza Novemba zikaendelea mpaka Aprili. Uvuvi hufunguliwa tena tarehe 1 Machi, baiskeli za samaki zinarudi kwa wingi mvua ikiwa bado inanyesha. Kwa hiyo barua ya matawi kwenda halmashauri ya wilaya inafaa iandikwe Julai, ili mistari ipakwe Septemba na Oktoba, lami ikiwa kavu. Anayetaka kuweka sahihi yake amwone katibu wa tawi lake, na aje na jina la mahali anapovukia kila siku, na saa anayovuka.